Akina Hans Nielsen wa Manti

Jumapili, 1 Juni 1879

Askofu ametangaza kanisani kwamba kila mtu aandike shajara, hata wachonga mawe. Baada ya ibada nilimfuata nikamwambia mimi nilisoma majira mawili tu ya baridi, tena darasani nilikuwa nikisinzia, na maisha yangu hayana cha kuandika. Akasema basi niandike hivyo hivyo. Naandika. Leo hakuna kitu.

Jumatatu, 2 Juni

Mawe.

Jumanne, 3 Juni

Mawe. Mgongo.

Jumamosi, 7 Juni

Wiki nzima tumekata mawe ya hekalu juu ya kilima. Jiwe la hapa ni jeupe kama maziwa, na jioni tunashuka wote weupe, ndevu na kope, utadhani waoka mikate. Mvua haijanyesha tangu Aprili. Upepo nao umekufa. Vumbi linakaa pale pale mtu alipolitimua.

Niandike jina langu, huenda siku moja mtu akasoma. Mimi ni Hans Nielsen. Hilo halimsaidii mtu. Mjini humu tuko akina Hans Nielsen watano, sote kutoka Denmark, kwa sababu kwetu baba akiitwa Niels mtoto anakuwa Nielsen, na nusu ya akina baba wanaitwa Niels. Kwa hiyo watu wametupa majina mengine. Kuna Hans wa Kinu anayesaga ngano, Hans Filimbi, Hans Mrefu, Hans Babu, na mimi, Hans wa Mawe. Barua ya mwisho ya mama ilipita kwa wenzangu watatu kabla ya kunifikia. Hans Mrefu alinipa pole barabarani kabla sijajua kwamba ng'ombe wetu amekufa.

Napanga kwa Dada Bodil, mjane mzee tunayemwita dada kwa desturi ya kanisa, anayeishi na mpwa wake Maren. Maren anashona na kufua nguo za sisi wa machimboni. Kuhusu Maren sina la kuandika.

Nimeamua vuli ikifika nirudi Denmark. Nimechoka.

Jumamosi, 14 Juni

Leo yapo ya kuandika.

Baada ya chakula cha mchana upepo wa kusini uliinuka ghafla, wa kwanza tangu majira yaanze, ukaleta ukuta wa vumbi tukashindwa kuona nyundo zetu. Ulipotulia nikashuka kutafuta kofia yangu. Chini ya kilima, katikati ya barabara, alikuwa amesimama msichana wa miaka kumi na sita hivi, ameshika mkokoteni wa mkono.

Kwa kuvuta mikokoteni kama ile wazee wa kanisa letu walivuka nyika kwa miguu, lakini iliachwa karibu miaka ishirini sasa. Siku hizi watu huja kwa treni. Nikamuuliza kama hakuambiwa habari za treni. Akasema yuko na vijana wenzake wa kanisa, wanafanya safari ya siku tatu ya kuwakumbuka waasisi, ndiyo maana wamevaa kizamani. Nikamtazama. Gauni lake lilikuwa kama la Maren, ila jipya mno na limeshonwa ovyo. Viatu vilikuwa vya njano kali kama kiini cha yai.

"Wenzako wako wapi?"

"Hapo nyuma tu."

Nyuma hapakuwa na kitu ila barabara na vichaka. Naye akageuka, akaona hivyo. Kisha akatazama kilimani, akaniuliza hekalu liko wapi. Nikamwonyesha msingi na kuta zetu ambazo bado hazijanifika kifuani.

"Ndilo hilo."

Akaketi chini vumbini na viatu vyake vya yai, akasema neno ambalo sikulielewa.

Nilimpeleka kwa Dada Bodil. Anaitwa Brynlee, jina ambalo sijapata kulisikia kwa mtu wala kwa ng'ombe.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi Dada Bodil alimmiminia mgeni kahawa. Mgeni akakirudisha kikombe kama kilichoingia panya. Akasema kwa upole kwamba Watakatifu, yaani sisi waumini, hatunywi kahawa, Neno la Hekima, fundisho letu la vyakula na vinywaji, linakataza.

"Nalijua Neno la Hekima, mwanangu," Dada Bodil akamjibu. "Hekima ninayo tayari. Iliyopungua ni kahawa."

Akakinywa yeye. Maren alicheka mpaka akatoka nje. Sijui kwa nini naandika kwamba alitoka nje. Alirudi.

Jumamosi, 21 Juni

Brynlee ameniomba nimsindikize na mkokoteni wake hadi pale nilipomkuta. Tulisimama sana. Hakuna upepo. Tukarudi.

Jumamosi, 28 Juni

Tena. Hakuna upepo. Hata jani la mti wa mpopla halikutikisika.

Alhamisi, 3 Julai

Kama kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, leo mji mzima ulifunga. Brynlee akaja mezani, akakuta meza tupu, akauliza mkate uko wapi. Akaufuata kabatini, akakata kipande kikubwa akapaka siagi, akala mbele yetu huku akiimba puani. Dada Bodil alimtazama kama mtu anayetazama nyumba inaungua.

"Kahawa ni dhambi," akaninong'oneza, "lakini siku ya kufunga analamba siagi."

Jumapili, 6 Julai

Leo naye amefunga. Peke yake. Hakumwambia mtu, ila nilimwona akimpa kuku mkate wake nyuma ya nyumba. Nikamuuliza kulikoni. Akasema Jumapili ya kwanza ya mwezi watu hufunga. Nikamwambia ni Alhamisi, imekuwa Alhamisi tangu nifike nchi hii. Akabadilika rangi, akasema, "Basi walibadilisha baadaye."

Kisha akanieleza yote. Anatoka mji huu huu, lakini miaka mia na arobaini mbele yetu. Hekalu limekwisha zamani. Upepo ulimpiga yeye na mkokoteni, ulipotulia akaniona mimi ninatafuta kofia.

Nimepima jambo hili kama ninavyopima jiwe, kwa kuligonga kila upande. Mwongo huhakikisha anaonekana akifunga. Huyu alifunga kwa siri, siku isiyo ya kufunga, na njaa ilikuwa inamtoa machozi. Namwamini.

Jumatatu, 7 Julai

Mawe. Nilimuuliza kama mawe ya upande wetu bado yamesimama. Amesema ndiyo. Nimekata mawe mengi leo.

Jumamosi, 12 Julai

Hakuna upepo.

Tukiwa tumekaa juu ya mkokoteni Brynlee alisema anajua sasa kwa nini ameletwa. Amesema mtu hatupwi nyuma kiasi hiki bure bure, lazima awe ametumwa kazi. Nikasema mimi nimetumwa kukata mawe na sikuhitaji upepo. Hakucheka. Akasema watu wa kwao hujifunza ukoo wao tangu utotoni, na yeye anaujua kizazi kwa kizazi hadi hapa. Bibi wa bibi yake anaitwa Maren Jensen, na mumewe Hans Nielsen. Walioana mjini humu, vuli ya mwaka huu.

Nikashuka kwenye mkokoteni, nikakaza gurudumu ambalo halikuwa limelegea. 

"Ila sijui Hans yupi," akasema. "Bibi alituambia tu kwamba alikuwa mtu mkubwa, mji mzima ulimheshimu."

Tukaanza kuwachambua. Hans Babu meno yameisha. Hans Mrefu ana mke. Hans Filimbi mji mzima unamkimbia akitoa filimbi. Tukafika kwa Hans wa Kinu, mwenye nyumba ya ghorofa, aliyefiwa na mkewe mwaka juzi, anayekaa kiti cha mbele kanisani. Akapiga makofi. Mimi hakunitaja kabisa. Sikumlaumu, nilikuwa na vumbi la mawe masikioni.

"Wasipooana mimi sizaliwi," akasema. "Unaelewa, Ndugu Hans? Narudi kwetu nakuta sipo. Utanisaidia?"

Nikasema nitamsaidia.

Jumatano, 16 Julai

Mawe. Nimemwambia Maren kwamba Hans wa Kinu ni mtu mwenye meno mazuri. Amenitazama kwa muda mrefu.

Alhamisi, 24 Julai

Sikukuu ya waasisi. Brynlee aliamka wa kwanza, akafurahi kwamba angalau siku hii hawakuibadilisha. Tuliandamana na bendi, tukala kuku na jibini hadi mikanda ikalia, kisha dansi kwenye ghala la zaka.

Brynlee alimkokota Maren hadi mbele ya Hans wa Kinu, akawasukuma pamoja kama mtu anayefunga ng'ombe wawili nira moja. Wakacheza. Hans wa Kinu ni mtu mwema na anacheza kama gogo linaloteremka ngazi. Mimi nilikaa karibu na pipa la maji nikiwahesabia hatua, kama kibarua aliyekodiwa kujisikitikia.

Halafu Maren akavuka ghala lote, akasimama mbele yangu. "Na wewe, miguu yako umeiacha machimboni?"

Nilicheza naye mara moja. Naam, mara tatu. Brynlee alikuwa mlangoni akinipungia mikono niache. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nivuke bahari, na sijawahi kujiona mwizi hivyo. Nilikuwa naiba mtoto wa watu ambaye bado hajazaliwa.

Ijumaa, 25 Julai

Mawe. Miguu inauma kwa furaha. Nimejionya.

Jumamosi, 2 Agosti

Hakuna upepo. Ngano imekuwa fupi na ya njano kabla ya wakati.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya kufunga. Brynlee amefunga pamoja nasi. Jumapili alikuwa amefunga pia, kwa tahadhari. Dada Bodil sasa anasema mtoto huyu ni mcha Mungu kupita kiasi, apunguziwe.

Jumamosi, 16 Agosti

Hakuna upepo. Hans wa Kinu ameleta gunia la unga, akakaa sebuleni na koti lake la kanisani, jasho likimtiririka. Brynlee alimsifia Maren mbele yake mpaka Maren akashika sindano akatoka. Nilimkuta kwenye kamba ya nguo.

"Hans," akaniambia, "nani amekutuma unioze?"

Nikasema hakuna. Nikasema Hans wa Kinu ana ghorofa.

"Ghorofa nimeiona. Ni kubwa, inaonekana hata kwa kipofu. Nimekuuliza jingine."

Amenifulia mashati leo bila kuyakung'uta vumbi. Yamekauka magumu kama mbao. Ninayastahili.

Jumapili, 31 Agosti

Brynlee alilia baada ya ibada. Amesahau mlango wa nyumba yao ulikuwa rangi gani. Nilimkalisha ukutani tulipojenga, nikamfundisha kutambua jiwe zuri kwa sauti yake ukiligonga. Akajifunza upesi. Mwishoni alikuwa anagonga kila kitu, hadi kichwa changu, akasema ndani kuna ufa.

Nimekuja kumpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Basi na iwe. Nitakwenda Denmark, Maren ataishi ghorofani, na mtoto huyu atazaliwa.

Jumamosi, 13 Septemba

Hans wa Kinu amemchumbia Maren. Maren ameomba wiki moja. Hakuna upepo.

Jumatano, 17 Septemba

Mawe.

Alhamisi, 18 Septemba

Mawe.

Ijumaa, 19 Septemba

Mawe. Kesho anatoa jibu.

Jumamosi, 20 Septemba

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Asubuhi ilikuwa kimya na nzito. Tulikuwa tunapandisha jiwe kubwa kwa kamba nilipohisi kisogo changu kimepoa. Nikageuka kusini. Mwisho wa bonde palikuwa pamesimama ukuta wa rangi ya hudhurungi, na ulikuwa unakuja. Nikawaambia wenzangu wafunge kamba, nikakimbia.

Brynlee alikwisha kuuona. Nilimkuta barabarani chini ya kilima, amevaa viatu vyake vya yai na skafu ya Dada Bodil shingoni, anavuta mkokoteni, na Maren nyuma anausukuma, ametoka na ushungi umemlegea. Maren alidhani anamsindikiza tu msichana aliyepata habari za jamaa zake. Upande wa pili wa barabara alikuwa anakuja Hans wa Kinu na koti la kanisani na mfuko wa unga begani, kwa ajili ya jibu lake. Tukakutana wote pale pale.

Mchanga ukaanza kutupiga mashavuni. Nikamwambia Brynlee aende, upepo hautamngoja mtu.

"Siendi," akasema. "Hawajaoana. Nikienda sasa, nitafika wapi?"

Maren akauliza nani hawajaoana. Na Brynlee, aliyeshika siri majira mazima, akaiachia yote kwa pamoja, akipiga kelele kushinda upepo: miaka mia na arobaini, bibi wa bibi yake, Hans Nielsen na Maren Jensen, vuli hii, mtu mkubwa, kinu. Hans wa Kinu alisimama na mfuko wake begani, akitutazama mmoja mmoja.

Maren akauachia mkokoteni. Akamtazama Brynlee, kuanzia nywele hadi viatu. Nadhani viatu ndivyo vilivyomshawishi. Kisha akanigeukia mimi.

"Kwa hiyo majira yote haya mlikuwa mnanioza, ninyi wawili?"

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ulikubali."

Nikasema, angetoweka. Ningefanyaje?

Akafunga ushungi vizuri. Akamwendea Hans wa Kinu, akamwambia kwa heshima kwamba yeye ni mtu mwema na mkate wa unga wake hauna mfano, lakini jibu ni hapana, lingekuwa hapana hata kungekuwa shwari. Kisha akaja kwangu.

"Una la kusema, Hans, au nikusemee?"

Nikamwonyesha Brynlee. Nikasema, nikifungua mdomo tunampoteza huyu.

"Mimi si daraja," Maren akasema. "Siolewi ili mtu avuke. Mwanangu, unisamehe." Akamshika Brynlee mkono, akaushikilia. "Ukipotea, utapotea nimekushika. Sema, Hans."

Brynlee alikuwa analia. Lakini akatikisa kichwa kunikubalia. Akafumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayengoja kumwagiwa maji baridi.

Nikasema. Nilichosema hakiandikwi, kilikuwa kifupi na kilikuwa na mchanga ndani. Maren akasema ndiyo.

Tukageuka sote kumtazama Brynlee. Hata Hans wa Kinu, ambaye hakujua tunatazama nini.

Akafumbua jicho moja. Akajishika pua. "Nipo?"

"Upo," sauti ikajibu nyuma yetu. "Ungepotelea wapi na skafu yangu?"

Alikuwa Dada Bodil, na bakora yake, amekuja kudai skafu. Tukamweleza, wote kwa pamoja, huku upepo ukitunyang'anya nusu ya maneno. Alisikiliza hadi mwisho bila kushtuka. Mwenye miaka themanini hashtuki ovyo.

"Maren Jensen yupi?" akauliza.

"Huyu," Brynlee akasema.

"Wako watatu. Kuna huyu wetu, kuna binti wa mkunga, na kuna yule mwenye mabata, mtaa wa kaskazini."

Brynlee alimkodolea macho. "Mbona hukuniambia?"

"Umekula kwangu majira mazima, hukuuliza. Umeuliza habari za kahawa tu."

Hapo Maren alianza kucheka. Nami nikaanza, na Brynlee akacheka na machozi yake na kamasi zake, tukashikana pale barabarani kama walevi. Tulikuwa tumewachambua akina Hans kwa ukucha, na hakuna aliyekumbuka kuwahesabu akina Maren.

Upepo ukaanza kupungua. Brynlee akaona, uso ukabadilika. "Sasa sijui hata kidogo nitakuta nini," akasema.

"Wala sisi," nikamwambia. "Mimi nilipanda meli nikiwa sijui."

Akanikumbatia. Akamkumbatia Maren kwa muda mrefu zaidi. Skafu, Dada Bodil alimwambia aende nayo. Kisha akaingia katikati ya mikono ya mkokoteni, akainama mbele, akavuta. Vumbi likamfunika kiuno, mabega, kichwa. Tulisikia magurudumu yakilalamika juu ya kokoto, yakaendelea, yakaendelea, halafu katikati ya mlio yakakatika.

Vumbi liliposhuka, alama za magurudumu zilikwenda mbele kama hatua thelathini, zikaisha, kama vile mtu ameinua kalamu.

"Kuna mtu atanieleza?" Hans wa Kinu akauliza.

"Nibebee huo unga hadi nyumbani," Dada Bodil akamwambia, "nitakueleza. Tutapitia mtaa wa kaskazini, nina shida na mayai ya bata."

Jumapili, 21 Septemba

Mvua. Yote ya majira, kwa siku moja. Askofu alihubiri na hakuna aliyemsikia kwa kelele za paa, na hakuna aliyelalamika.

Jumatatu, 22 Septemba

Mawe. Nimemwandikia mama kwamba sirudi, na kwamba aandike Hans wa Mawe juu ya bahasha.

Jumatano, 8 Oktoba

Tumeoana leo, kwenye ghala la zaka. Hekalu likiisha tutaingia tukaunganishwe kwa milele, na sitakuwa na haki ya kulalamika kwamba limechelewa, kwa kuwa mmoja wa wanaolijenga ni mimi.

Hatukuwa peke yetu. Hans wa Kinu alikwenda mara nyingi mno kutafuta mayai ya bata, na Maren wa mtaa wa kaskazini, inasemekana, hajali dansi. Askofu aliamua kutuozesha wote kwa wakati mmoja ili watu wale karamu moja. Alisimama mbele yetu, akajikohoza, akauliza, "Hans Nielsen, unamchukua Maren Jensen?"

Tukaitikia wawili. Akawageukia akina Maren, akauliza, nao wakaitikia wawili. Hans Filimbi, aliyekaa nyuma, naye akaitikia, kwa utundu tu.

Askofu alicheka mpaka akaketi. Watu wote wakacheka, ghala zima. Mimi peke yangu niliacha, kwa sababu ndipo nilipoelewa. Vuli moja, mji mmoja, Hans Nielsen na Maren Jensen, mara mbili. Nikamnong'oneza Maren kwamba sasa hatutajua kamwe Brynlee alikuwa wa kwao au wa kwetu.

Maren alimtazama yule mwenzake wa mabata, akanitazama mimi. Askofu alikuwa amesimama tena, anafuta macho, anasema tutaanza upya, mmoja mmoja, na Hans wa Mawe atangulie.

"Jibu upesi," Maren akaniambia sikioni. "Kuna mtu anangoja kuzaliwa."